Mrehani kwenye ndoo: haidroponiki ya kuanzia katika nyumba ya Lamu

Mji wa Lamu hauna nafasi ya bustani. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na ukichimba kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, unakuta mchanga na vifusi vya matumbawe. Mboga zetu nyingi huvuka kwa mashua kutoka Mokowe baada ya safari yake kutoka Mpeketoni au bara ya mbali, na majani mororo kama dania na mrehani hufika yamelegea. Kwa hiyo nakuhimiza ujaribu haidroponiki, yaani kuotesha mmea bila udongo, mizizi ikiwa ndani ya maji yaliyotiwa mbolea. Ndoo moja yenye kifuniko, taa moja na pembe ya chumba vinatosha kuanzia.

Miongozo mingi utakayokutana nayo iliandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanahangaika kuupasha mmea joto. Sisi adui zetu ni chumvi iliyomo kwenye maji na joto la maji hayohayo, na hayo mawili ndiyo nitakayoyakalia sana hapa. Mengine ni mepesi na nitayapita haraka.

Kwa nini mrehani

Kila anayeanza hutaka saladi, kwa sababu ndiyo anayoiona kwenye picha. Saladi hupenda ubaridi. Katika joto la Lamu, hasa miezi ya kaskazi, hurefuka shina, hutoa maua mapema na majani huwa machungu. Mrehani ni kinyume chake. Hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30, haukasiriki upesi, na ukikatwa unachipua matawi mawili pale palipokuwa na moja.

Tena ni mmea wetu. Shangazi yangu hufunga vikuba, vile vishada vya kunukia, vya asumini, mkadi na mrehani, na siku za harusi mrehani hutafutwa mtaa mzima. Jikoni nao una wateja: mahoteli ya Shela huutaka kila wiki, na Malindi, walikojaa Waitaliano, hakuna mkahawa wa piza usioutumia. Ukishauzoea, nenda kwenye mchicha, nanaa na matembele. Hizo pia zinavumilia joto letu.

Pima maji kabla hujanunua kitu kingine

Kitu cha kwanza kununua ni kipimo cha EC, kijiti kidogo cha betri kinachoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka majini. Nunua na kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa asidi majini, au angalau dawa ya matone inayobadilisha rangi. Ndoo unayo tayari. Vipimo hivi ndivyo vitakavyokuokoa hasara.

Lamu tuna maji ya aina nyingi. Yale yanayotoka kwenye visima vya machungani Shela, penye vilima vya mchanga, ni afadhali, kwa sababu mchanga wa vilima hivyo huchuja na kuhifadhi maji ya mvua. Visima vya ndani ya mji vingi vina chumvi, na kiangazi kikikaza huzidi. Maji ya mvua, yale ya jabia au pipa lililokingwa masika, ndiyo bora kuliko yote. Msomaji wa Malindi anayepata maji ya bomba kutoka Baricho, mtoni Sabaki, naye apime vivyo hivyo, asikisie.

Hukumu yangu ni hii. EC (kwa kizio cha mS/cm) ikiwa chini ya 0.4, maji ni mazuri. Kati ya 0.4 na 0.8 yatumie, lakini jua kwamba nafasi ya mbolea imepungua. Ikifika 1.0 au zaidi, changanya na maji ya mvua mpaka ishuke, au tafuta maji mengine. Chumvi ya kisimani sehemu kubwa ni ileile ya baharini, na mmea hauna faida nayo; inauzuia tu kunywa. Ndoo yangu ya kwanza niliijaza maji ya kisima cha nyumbani bila kupima. Miche ilikaa siku tisa, kingo za majani zikakauka rangi ya kahawia, ikafa yote. Nilidhani nimekosa mbolea, nikaongeza, nikaimaliza kabisa.

Angalia pia kipimo chako kinasoma kwa kizio gani. Vingine huonyesha ppm badala ya EC. Kwa vipimo vingi vya bei nafuu, EC 1.0 ni sawa na ppm 500, lakini viko vinavyohesabu 640 au 700. Imeandikwa kwenye karatasi iliyomo kwenye boksi.

Kisha pH. Mrehani hutaka kati ya 5.5 na 6.5, lenga 6.0. Maji yanayopita kwenye matumbawe hupanda juu ya 7, na hapo chuma kilichomo kwenye mbolea hakifyonzeki hata kikiwemo kwa wingi. Utaijua hali hiyo kwa majani machanga kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ndimu hushusha pH, ila baada ya siku moja au mbili inapanda tena, kwa sababu vijidudu vya majini huila ile asidi. Chupa ndogo ya asidi ya fosforiki inayouzwa kwa kazi hii hudumu miezi. Itie kwa matone, koroga, pima, ndipo uongeze. Vaa glavu, na usiiweke watoto wanapofika.

Ndoo, vikombe na usumba

Chukua ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana. Ikiwa ni nyeupe, ipake rangi nyeusi kwa nje kisha nyeupe juu yake: nyeusi huzuia mwanga usiingie, nyeupe hupunguza joto. Mwanga ukifika kwenye maji utaota ule utando wa kijani wa mapipani, nao hula mbolea ya mmea.

Kwenye kifuniko toboa matundu matatu. Manne yatakushawishi, lakini mrehani ukikua huhitaji nafasi. Vikombe vya mtindi vinafaa: vitoboe chini na ubavuni kwa msumari uliopashwa moto, matundu mengi, ili mizizi ipite. Kikombe kikae kwenye ukingo wake bila kutumbukia.

Ndani ya kikombe unahitaji kitu cha kuushika mche. Hapa pwani yetu imejaliwa, kwa sababu tunao usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Lakini chunga sana. Makumbi ya kusokotea kamba hulowekwa baharini, na usumba wake umeshiba chumvi. Hata makumbi ya kawaida yana chumvi zake. Yachambue, yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi usiku kucha, yamwage, uloweke tena. Rudia mpaka maji unayokamua yakisomwa kwa kipimo yawe karibu sawa na maji uliyotia. Mimi huchukua siku nne. Ni kazi, lakini ni ya mara moja.

Kokoto nazo hutumika, ila si za matumbawe. Dondoshea siki juu ya kijiwe: kikitoa povu, kina chokaa, na kitapandisha pH kila siku hata ufanyeje. Kiache.

Kuotesha mbegu

Mbegu ya mrehani ikilowa hutoa utelezi mweupe kuizunguka. Usiogope, ndiyo kawaida yake. Kata sponji mpya isiyo na dawa vipande vya sentimita 2 hadi 3, chana mkato mdogo juu, tia mbegu mbili au tatu bila kuzifukia ndani sana. Panga kwenye sahani yenye maji machache, funika kwa plastiki iliyotobolewa, weka mahali penye joto. Siku ya nne hadi ya saba utaona vijani viwili. Hapo ondoa plastiki siku hiyohiyo na uwashe taa, kwa sababu mche unaokaa gizani hata siku mbili hurefuka kama uzi na hausimami tena.

Miche ikitoa jozi ya pili ya majani ya kweli, kwa kawaida kati ya siku ya 14 na ya 18, acha mmoja ulio imara katika kila kipande na uhamishe kwenye ndoo.

Mbolea ya majini

Usitumie samadi, yurea wala DAP. Mbolea hizo hutegemea vijidudu vya udongoni kuzigeuza mpaka mmea uweze kuzila vizuri, na ndani ya ndoo vijidudu hivyo havitoshi. CAN nayo ina chokaa kisichoyeyuka. Tafuta mbolea ya haidroponiki hasa. Ziko za chupa mbili, A na B, nazo fuata kipimo kilichoandikwa lakini anza na nusu yake. Ziko za unga wa aina tatu: unga wa NPK wenye madini madogo, magnesiamu salfeti, na kalsiamu naitreti.

Kwa zile za unga, kwa maji lita 15, mimi huanza na gramu 5 za NPK, gramu 2.5 za magnesiamu salfeti na gramu 5 za kalsiamu naitreti. Mizani ya jikoni haipimi gramu mbili na nusu kwa uhakika. Mwombe sonara wa mtaani akupimie, akufungie vipakiti vya mwezi mzima.

Mpangilio wa kutia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Yeyusha NPK kwenye ndoo iliyojaa maji, koroga mpaka iishe. Kisha magnesiamu. Kalsiamu iyeyushe pembeni kwenye jagi, uimimine mwisho kabisa. Ukizichanganya unga kwa unga, au kwenye maji machache, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti ikawa chembe nyeupe zinazotuama chini, na chakula hicho kimepotea. Kwa A na B ni vivyo hivyo: kila chupa na kijiko chake, zikutane ndani ya maji mengi tu.

Kwa miche iliyohamishwa leo, EC iwe 0.6 hadi 0.8 pamoja na chumvi ya maji yenyewe. Baada ya wiki moja panda hadi 1.2. Sipiti 1.4 hapa Lamu. Kwenye joto mmea hunywa maji mengi kuliko unavyokula, kwa hiyo mbolea iliyobaki huzidi kukolea siku baada ya siku.

Joto la maji

Hapa ndipo wengi wa pwani wanapoangukia. Mizizi hupumua. Maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu, na wakati huohuo mizizi katika joto hilo hutaka hewa zaidi. Hapo ndipo uozo wa mizizi unapoingia. Mizizi yenye afya ni myeupe na haina harufu mbaya. Ikiwa ya kahawia, laini, inanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika, umechelewa kidogo.

Nyumba ya mawe inakusaidia. Kuta nene za matumbawe hukawiza joto la mchana, na sakafu ya chini ni baridi kuliko ya juu. Weka ndoo chini, sakafuni, si mezani na kamwe si darini. Iweke mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Zungushia kitambaa cheupe chenye unyevu. Kusi ikivuma kitambaa hicho husaidia sana, ila siku za kaskazi zenye unyevu mwingi angani usikitegemee. Saa nane mchana ukikuta maji yamepita nyuzi 28, tumbukiza chupa ndogo iliyogandishwa, imefungwa vizuri ili maji yake yasivuje. Lita nyingi hupata moto polepole, na kwa hiyo nasisitiza ndoo ya lita 20 wala si kopo la lita 3.

Pampu ya hewa ya tangi la samaki, ya wati 3 hadi 5, na jiwe lake la mapovu, ni msaada mkubwa. Lakini umeme hukatika. Hapo nafuata njia ya Profesa Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambayo haitumii pampu kabisa. Siku ya kuhamisha, maji yaguse sehemu ya chini ya kikombe. Mizizi ikishuka, acha maji yapungue mpaka pawe na nafasi ya hewa ya sentimita 5 au zaidi kati ya kifuniko na maji. Mizizi ya juu hugeuka kuwa ya kuvuta hewa, ile ya chini huendelea kunywa. Ukiongeza maji usiijaze tena nafasi ile, maana mizizi iliyozoea hewa ukiizamisha unaizamisha kweli. Ukiwa na pampu na nafasi hiyo vyote viwili, umeme ukikatika saa kadhaa mmea hautajua.

Mbu

Hili silifanyii masihara. Mwaka 2004 chikungunya ilienea Lamu, na uchunguzi wa damu uliofuata ulikuta karibu robo tatu ya watu wa kisiwa wameambukizwa. Mbu wake huzaliana kwenye maji safi yaliyohifadhiwa majumbani, na ndoo yako ni maji safi yaliyohifadhiwa nyumbani. Kifuniko kibane. Kila tundu lijae kikombe. Pale unapopitisha mrija wa pampu, ziba kwa sponji. Tundu usilolitumia lizibe kwa utepe wa gundi. Chungulia ndani kila wiki. Ukiona viluwiluwi, mwaga maji yote barazani penye jua, sugua ndoo, anza upya.

Taa

Kiwanda chenye mwanga wa wazi saa sita au zaidi kinaweza kutosha bila taa. Chumba cha ndani hakitoshi, hata kama macho yako yanaona vizuri humo. Kwa ndoo moja, taa nyeupe ya LED inayokula wati 30 kwa kweli inafaa, ikining'inia sentimita 25 hadi 30 juu ya majani. Iwashe saa 14 hadi 16 kwa siku kwa saa ya kuwasha na kuzima yenyewe (taima), usitegemee kumbukumbu. Kwa saa 16 itakula karibu yuniti 14 na nusu kwa mwezi. Wakati wa joto kali mimi huiwasha usiku na kuizima mchana. Mmea haujali saa ya ukutani, na chumba kinapumua.

Waya uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande kwenye plagi, ili tone likiteremka lisiingie kwenye plagi. Soketi iwe juu kuliko ndoo. Upepo wetu wa chumvi hula chuma, kwa hiyo kagua plagi kila mwezi na ubadilishe yenye kutu.

Kazi za kila wiki

Pima asubuhi kila baada ya siku mbili, uandike kwenye daftari. EC ikipanda, mmea umekunywa maji ukaacha chakula: ongeza maji matupu. Ikishuka, una njaa: ongeza mbolea kidogo. pH ikitoka nje ya mipaka, irekebishe polepole. Kila wiki mbili mwaga maji yote, utie mapya. Yale ya zamani mnyweshee mpapai au mlimau, ambao utayafurahia.

Vidukari na inzi weupe huja hata ndani ya nyumba. Vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa chini ya majani, na suuza kesho yake. Dawa za shamba usizipulize katika chumba wanacholala watu, juu ya majani mtakayokula.

Kukata

Mmea ukifika sentimita 20, karibu wiki ya tano au ya sita tangu mbegu, kata shina kuu juu kidogo ya jozi ya pili ya majani. Ukichuma majani ya chini moja moja, kama wengi wafanyavyo, mrehani utarefuka kama fimbo na kuchoka. Kata vilele, na usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Utakata tena baada ya siku 10 hadi 14. Ukiona kichwa cha maua kinaanza, kikate siku hiyo, isipokuwa umeupanda kwa ajili ya vikuba, kwa maana wafungaji hupenda kishada chenye maua yake.

Vile vilele ulivyokata usivile vyote. Chagua vitatu vya urefu wa sentimita 10, ondoa majani ya chini, visimamishe kwenye glasi ya maji matupu ndani ya kidaka chenye mwanga bila jua kali. Badilisha maji kila siku. Kati ya siku ya 7 na ya 10 vitatoa mizizi myeupe, na ikifika urefu wa kidole vitie kwenye vikombe vya ndoo ya pili, kwenye maji ya EC 0.6.